Leseni ya Tarehe Kumi na Tisa

Leseni ya Gekara ilikuwa safi kupita kiasi, na hilo ndilo lililomuudhi Inspekta Ajwang tangu saa mbili asubuhi. Alikuwa ameketi katika ofisi ya leseni za biashara mjini Kericho, faili wazi mbele yake, akitafuta kosa ukurasa kwa ukurasa na asilione.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na mbili Septemba, mwaka wa 1972. Jumatatu hakimu angetoa uamuzi juu ya Omwenga, kijana wa Chepilat aliyekuwa rumande Sotik. Mwisho wa Agosti, siku ya Jumanne tarehe ishirini na tisa, watu wanne wa Gekara waliingia bomani kwa mama yake, mjane Bilhah, wakamfunga kamba ng'ombe wake wa gredi, wa maziwa mengi, kwa sababu ya deni la jeneza la marehemu mumewe. Omwenga alishika mpini wa jembe, akamvunja mmoja wao mkono. Hakimu alilisema jambo lenyewe wazi mbele ya wote. Kama Gekara alikuwa na leseni ya kukusanya madeni siku hiyo, kijana alimpiga mtu aliyekuwa kwenye kazi halali, naye ataozea jela. Kama hakuwa nayo, basi wale wanne walikuwa wezi wa ng'ombe, na kijana alikuwa akilinda mji wa mama yake.

Ajwang alitaka leseni iwe mbovu. Hakujificha, hata kwa nafsi yake. Mwaka wa 1961 Gekara huyu huyu, akiwa bado mtu wa kutumwa na dalali mmoja, alipanda juu ya nyumba ya mama yake Ajwang pale Sotik, akang'oa mabati kumi na manane huku mvua inanyesha. Mama alimwomba angoje mvua ipite. Gekara alimjibu kutoka juu ya paa kwamba kazi ya serikali haingoji mvua, akaendelea kung'oa misumari na kuimba wimbo wa dini. Mama alilala wiki sita chini ya turubai, kifua kikamshika, akafa. Gekara alikuwa amekwisha kumsahau. Ajwang hakuwa amesahau hata wimbo.

Karani wa leseni, Phelix Owino, mtu mwenye shati jeupe na kalamu tatu mfukoni, alimweleza utaratibu kwa upole wa mtu asiye na wasiwasi. Mtu hakuwa akiamka tu na kuanza kukusanya madeni ya watu. Alitakiwa kuwa na ofisi yenye mlango na kibao, barua ya polisi kwamba hajawahi kufungwa, na dhamana aliyoiweka kwa serikali, ili akiiba cha watu pawe na kitu cha kushikwa. Jina lake lilibandikwa ubaoni nje wiki tatu, mwenye malalamiko aseme. Baada ya hapo alikuja ofisini yeye mwenyewe pamoja na mdhamini wa tabia, mtu mzima anayeheshimika, wakaweka sahihi siku moja mbele ya karani. Karani akapiga mhuri. Leseni ilianza kufanya kazi tarehe ya mhuri, si siku moja kabla yake.

Mhuri wa Gekara ulisema tarehe kumi na tisa Agosti, siku kumi kabla ya ng'ombe kuchukuliwa. Mdhamini alikuwa Mzee Mokaya wa Chepilat.

Ajwang aliuliza ni watu wangapi wengine waliohudumiwa siku hiyo.

"Ni hao wawili tu, Afande. Ilikuwa siku ya kimya."

Ajwang aliandika maneno hayo katika daftari lake: siku ya kimya. Hakujua yana kazi gani, lakini alikuwa na tabia ya kuandika kitu chochote ambacho mtu amekisema bila kuulizwa. Kisha akanakili fomu nzima kwa mkono wake na kumtaka Phelix aandike chini kwamba nakala ni sawa na faili.

"Omera, ndugu yangu," Phelix alisema kwa Kijaluo, akiinama karibu, "sisi ni watu wa nyumbani. Tusisumbuane kwa kesi ya watu wengine."

"Nyumbani tutasalimiana. Hapa weka sahihi."

Phelix aliweka. Kalamu ya kwanza ilikataa kuandika, akachukua ya pili.

Saa tano Ajwang alikuwa Sotik kwa mchora vibao, mzee mmoja Mkipsigis aliyefanya kazi chini ya mti nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Ndiyo, alisema, kibao cha Gekara alikichora yeye, tarehe nne Septemba. Asiye na kibao hana ofisi, na asiye na ofisi hapewi leseni. Kwa muda wa kuvuta sigara nusu, Inspekta alikuwa mtu mwenye furaha. Kisha mzee akamaliza maneno yake: hicho kilikuwa kibao cha pili. Cha kwanza alikichora mwezi wa Juni, mvua ya mawe ikakipasua, naye akazichukua mbao zake kwa kuzibia banda la kuku. Wakaenda bandani. Jina la Gekara lilikuwepo, limepinduka chini juu, kuku amelichafua, lakini lilisomeka. Ajwang alitoa tusi moja la kwao na kurudi kituoni kwa miguu.

Bilhah alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, kikapu cha chakula cha mwanawe magotini. Alikuja kila siku kutoka Chepilat na hakuwahi kulia mbele ya askari hata mmoja. Ajwang alimwambia ukweli, maana hakuona faida ya kumficha: karatasi ya Gekara ilikuwa sawa.

"Nisomee," Bilhah alisema.

"Mama Omwenga, ni mambo ya ofisi tu."

"Nisomee hivyo hivyo. Hiyo karatasi ndio inafunga mtoto yangu."

Akamsomea. Gekara na Mokaya wamefika mbele yangu na kuweka sahihi leo, tarehe kumi na tisa Agosti. Bilhah alifumba macho, vidole vyake vikatembea juu ya mshikio wa kikapu, kimoja baada ya kingine.

"Ng'ombe ilienda Jumanne," alisema polepole. "Nyuma yake kuna Sabato moja. Nyuma tena kuna Sabato ya kufunga makambi. Hiyo ndio kumi na tisa."

Ajwang alinyanyuka akaenda kwenye kalenda ukutani, ile yenye picha ya wachuma chai. Kumi na tisa Agosti ilikuwa Jumamosi. Yeye mwenyewe alikuwa Mwanglikana, na kwake Jumamosi ilikuwa siku ya kinyozi. Ofisi za serikali zilifunguliwa hadi saa sita, watu wachache, siku ya kimya. Lakini kwa Wasabato wa Chepilat, Gekara na mdhamini wake wakiwemo, siku hiyo hakuna aliyewasha moto wa kupika, seuze kusafiri hadi Kericho kuweka sahihi ya biashara. Sasa alimwona Phelix akilini waziwazi, kalenda mkononi, akitafuta tarehe ya kurudisha nyuma. Phelix naye alikulia kanisa hilo hilo la Ajwang. Alikuwa amehakikisha si Jumapili, akaridhika.

"Gekara alikuwa makambini, kwenye mikutano yenu ya kanisa, siku hiyo?"

"Ndiye alihubiri. Kutoka saa tano mpaka saa saba." Bilhah alifumbua macho. "Alihubiri juu ya kusamehe wenye deni. Na mimi nilisema Amina. Na kinywa yangu hii."

Ajwang alimwambia kwamba neno la mama wa mshtakiwa halitoshi, Gekara atasema aliponyoka. Bilhah aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, akasimama na kikapu chake.

"Sitaki afungwe tu, Afande. Mtu anaweza kufungwa na bado watu waseme alionewa. Mimi nataka aseme yeye mwenyewe, watu wasikie."

Inspekta hakumjibu kwamba hiyo si kazi ya polisi. Siku hiyo aliona ni kazi ya polisi kabisa.

Konstebo Ogola aliendesha Landrova hadi Chepilat. Kwa Mzee Mokaya kila mtu alikuwa mbioni, maana Ijumaa ni siku ya maandalio: maji yanatekwa ya siku mbili, kuni zinapasuliwa, nguo nyeupe zimeanikwa juu ya ua. Mzee mwenyewe, mzee wa kanisa tangu Ajwang hajazaliwa, alikuwa akipaka viatu rangi. Alivaa miwani, akaitazama nakala, kisha akaomba aione tena ile tarehe.

Sahihi, alisema, aliiweka kweli, lakini hapa hapa nyumbani, Alhamisi, tarehe saba mwezi huu. Gekara alimletea fomu na kumwambia ni ya tabia njema, sehemu ya tarehe ikiwa tupu. Kericho alikuwa ameenda mara ya mwisho miaka minne iliyopita, kung'oa jino. Alisema yote hayo kwa utulivu. Kilichomuuma kilikuwa kitu kingine.

"Ameniweka kwa ofisi siku ya Sabato," alisema. "Mimi. Na kuna mhuri juu."

Aliingia ndani akatoka na ratiba ya makambi, karatasi iliyopigwa chapa ya wino wa buluu. Jumamosi tarehe kumi na tisa, saa tano, mhubiri Ndugu Gekara. Ajwang alimwomba aje naye Sotik. Mzee aliangalia jua.

"Saa kumi na mbili na nusu linazama. Utanirudisha mbele ya hapo?"

"Nitakurudisha, Mzee. Hata kama sisi wengine tutatembea kwa miguu."

Ofisi ya Gekara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lililotazama uani. Uani alikuwemo ng'ombe wa Bilhah, amefungwa kwenye nguzo kama kidhibiti cha kesi, na Gekara amekuwa akimkamua na kuuza maziwa karibu mwezi mzima. Ajwang alimweka Mzee Mokaya chini ya dirisha hilo, juu ya gunia. Bilhah alikuja akasimama upande wa ng'ombe wake. Ogola alibaki nao, na Inspekta akaingia kwa mlango wa mbele saa kumi kasorobo.

Gekara alikuwa akifunga makabati. Alikuwa mnene sasa, mwenye koti zuri, na leseni yake ilining'inia juu ya kichwa chake katika fremu ya kioo. Ajwang alijifanya mjinga. Alisema ametumwa kumaliza kesi, faili limekutwa sawa, ila hakimu anataka maandishi mafupi ya mwenye leseni. Akamwonya, kama ilivyotakiwa, kwamba halazimishwi kusema lolote na atakalosema litasomwa kortini. Gekara alicheka kidogo na kuvuta kiti.

"Uliza, Afande. Lakini haraka, leo tunafunga mapema. Sabato inaingia."

"Mlikuja Kericho wewe na mdhamini wako tarehe kumi na tisa Agosti?"

"Ndiyo."

"Hiyo ilikuwa Jumamosi."

Gekara aligeuka akaitazama leseni yake mwenyewe. Wiki mbili alikuwa ameitundika hapo, ameipangusa vumbi, na hakuwahi kuitafutia siku. Alipogeuka tena, uso wake ulikuwa umepungua.

"Hii maandishi itasomwa wapi?"

"Kortini Jumatatu. Kanisani kwenu sijui. Mimi ni wa Anglikana."

Gekara alijilamba midomo. Ajwang aliona hesabu ikifanyika ndani ya kichwa kile: kanisa litamtenga miezi mitatu halafu litamrudisha, lakini jela hairudishi mtu upesi. Alichagua alivyotarajiwa kuchagua.

"Niliponyoka makambini," alisema. "Saa moja asubuhi. Nikakodi gari."

"Na mahubiri yako ya saa tano?"

"Alisimama mtu mwingine."

"Kwa hivyo Sabato haikuzuii kufanya kazi?"

"Kazi ikiwa ya lazima, hainizuii."

Ajwang aliandika neno kwa neno, pole pole. "Na Mzee Mokaya?"

"Tulienda pamoja. Yeye ndiye alisema twende mapema watu wasituone."

Inspekta alimsomea yote tangu mwanzo, kwa sauti ya kutosha mtu wa nje ya dirisha. Gekara aliweka sahihi. Ajwang alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasogea dirishani.

"Mzee, umesikia?"

Mokaya aliingia kofia mkononi. Hakupaza sauti. Alitandaza ratiba ya makambi mezani na kuweka kidole chake kwenye jina.

"Gekara, mimi nilikuwa kiti ya mbele nikikusikiliza. Watu mia nane walikuwa nyuma yangu. Sema tena nilikuwa Kericho."

Gekara aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba wazo la tarehe lilikuwa la Phelix, kwamba leseni yenyewe aliipata Septemba, baada ya kijana kukamatwa, alipoambiwa hakimu ataiuliza. Bilhah alikuwa amekuja mlangoni. Akamtaka arudie, na Gekara akarudia. Nyuma ya Bilhah walisimama wanawake watatu wa sokoni na muuza mafuta ya taa, nao wakasikia.

Ajwang alishusha leseni ukutani. Alipiga simu Kericho, akaagiza Phelix Owino azuiliwe kabla hajafunga ofisi. Ndugu wa nyumbani wangesalimiana seli. Kisha akatoa pingu, na hapo Gekara akatazama nje, mwanga umeanza kulala juu ya majani ya chai.

"Afande, nakuomba. Sabato inaingia. Nipe mpaka Jumapili, nitakuja mwenyewe."

Inspekta alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua. "Kazi ikiwa ya lazima, hainizuii. Hii ni sahihi yako?"

Wanawake wa sokoni walicheka, na Ajwang alifurahi kwamba walicheka.

Alipotaka kumtoa kwa mlango wa mbele, Bilhah alinyoosha mkono kuelekea uani. "Kwanza afungue ng'ombe yangu. Kamba ni yake, na alifunga yeye."

Ng'ombe alikuwa kidhibiti, na utaratibu ulitaka aandikiwe karatasi. Ajwang aliiandika palepale, akiitumia meza ya Gekara, akampa Bilhah nakala. Gekara aliinama kwenye nguzo na mikono yake yenye pingu. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza, kucha zake zikateleza, na hakuna aliyemsaidia. Bilhah alingoja. Kamba ilipolegea aliichukua bila kumtazama, akaiviringisha mkononi mwake, akamwuliza Ajwang kama Omwenga atalala nyumbani Jumatatu.

"Atalala nyumbani. Maandishi haya nitayatia mikononi mwa hakimu mimi mwenyewe."

Bilhah aliitikia. Kisha akaondoka na ng'ombe wake kuelekea kituoni, alikokusudia kumkamua mbele ya dirisha la rumande, mwanawe anywe maziwa ya moto kabla jua halijazama.

Mvua ya jioni ilishuka kutoka upande wa mashamba ya chai, nzito na ya baridi. Ogola alileta Landrova, na Inspekta akamwamuru amrudishe Mzee Mokaya Chepilat mara moja, asisimame mahali popote, asichelewe. Gari liliondoka. Walibaki barazani Ajwang na mfungwa wake, na kituo kilikuwa umbali wa robo saa kwa miguu.

Miaka kumi na moja Ajwang alikuwa ameandaa maneno ya siku hii. Alimwuliza Gekara kama anakumbuka nyumba moja ya mabati kumi na manane, karibu na mto, mwezi wa Mei.

"Nilitoa mabati nyingi, Afande," Gekara alisema, macho yakiwa kwenye maji yaliyomwagika kutoka kwenye paa. "Ilikuwa ya nani?"

Ajwang alimshika mkono wa koti zuri na kumsukuma mbele hatua moja. Gekara alijirudisha nyuma ukutani.

"Tungoje kidogo ipite. Nakuomba."

"Kazi ya serikali haingoji mvua," Ajwang alisema.

Gekara aligeuza kichwa. Alimtazama Inspekta usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie ofisini, paji la uso, kisha macho, kisha kidevu, na mdomo wake ukafunguka kama anayetaka kutaja jina la mwanamke wa nyumba ile. Ajwang alimpa muda wa kutosha akumbuke. Kisha wakashuka ngazi, wakaingia mvuani, na Inspekta hakutembea haraka.